Historia ya Misosi ya Kariakoo: Vyakula 8 vya Kuonja Mjini Dar, na Watu Waliovileta Ambao Hakuna Anayewataja

Mgeni akitua Dar es Salaam na kuuliza chakula cha kienyeji kinapatikana wapi, mara nyingi anapelekwa sehemu yenye kiyoyozi, menyu ya kurasa kumi na samaki wa bei ya kutisha. Hakuna ubaya, pesa ni yake. Ila chakula kilichoujenga mji huu hakijawahi kukaa kwenye kiyoyozi. Kipo Kariakoo, ndani ya sufuria iliyofunikwa kwa sinia, chini ya mwavuli uliopauka na jua, pembeni ya jamaa anayeshusha marobota ya vitenge.

Historia ya mji huu ina majina mengi makubwa. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar ndiye aliyeanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860. Wajerumani wakaifanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Jengo la Soko la Kariakoo lenyewe lilichorwa na Mtanzania, msanifu majengo Beda Amuli, na Mwalimu Nyerere akalifungua Desemba 1975. Hao wote wanajulikana, na wanastahili.

Sasa jiulize: nani alipika chapati ya kwanza Kariakoo? Nani alikuwa wa kwanza kuweka benchi na kuuza wali maharage kwa wabeba mizigo? Nani alimwaga mayai juu ya chipsi siku ya kwanza? Hakuna mtaa wenye jina lake, hakuna sanamu. Lakini kila siku mchana watu maelfu kwa maelfu wanakula kazi ya mikono ya watu hao.

Hivi hapa ni vyakula nane vya kuonja ukiwa mjini. Vimepangwa kwa kufuata historia, kwa hiyo ukivila kwa mpangilio huu utakuwa umeipitia Dar kuanzia kijiji cha wavuvi mpaka leo.

1. Wali wa nazi na samaki: kabla mji haujaitwa Dar

Kabla ya Sultani Majid, hapa palikuwa na Mzizima, makazi ya pwani ya Washomvi, na Wazaramo wakiishi na kulima maeneo ya jirani. Watu walivua, walilima, walikwea minazi. Chakula chao ndicho ambacho mpaka leo mtu wa Pwani akila anafumba macho: wali uliopikwa kwa tui la nazi, mchuzi wa samaki, na kisamvu kilichotwangwa vizuri.

Hata hapa kuna mambo yanayoshangaza. Mchele na nazi ni mazao yaliyofika pwani ya Afrika Mashariki kupitia Bahari ya Hindi, karne nyingi zilizopita. Muhogo, ambao majani yake ndiyo kisamvu, ulitoka Amerika na kuletwa Afrika na Wareno. Pilipili nayo hivyo hivyo. Maana yake sahani ya "asili kabisa" ya mswahili wa Pwani ilishasafiri dunia nzima kabla hata ya pasipoti kuwepo.

Ukitaka kuila ikiwa na maana yake, anza asubuhi na soko la samaki la Feri, pale Magogoni, uone mashua zinavyoshusha. Kisha rudi Kariakoo mchana ule wali. Samaki anayekuwa kwenye sahani yako huenda ulimpita akiwa bado anapigiwa mnada.

2. Ugali na maharage: chakula cha wapagazi

Wengi wanajua kwamba neno Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliiteka Dar Septemba 1916, na eneo hili likawa kambi ya wapagazi. Waswahili wakalitamka kwa ulimi wao: Kariakoo.

Kisichosimuliwa sana ni hao wapagazi walikuwa wanakula nini.

Upande wa Waingereza peke yake katika vita ya Afrika Mashariki ulitumia Waafrika zaidi ya milioni moja kubeba risasi, mahema, dawa na chakula cha wanajeshi. Magari hayakupita porini na wanyama waliuawa na mbung'o, kwa hiyo mgongo wa mtu ndio ulikuwa lori. Hesabu za Waingereza wenyewe za wapagazi waliokufa zinakaribia 100,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Waliuawa na malaria, kuhara damu, uchovu na chakula kibovu. Watu waliozoea ndizi au mtama walipewa posho ya unga wa mahindi, mara nyingi bila muda wala kuni za kuuivisha. Ugali mbichi, maji machafu, mzigo kichwani. Matumbo hayakuhimili.

Leo ukipita makutano ya Samora na Azikiwe utaliona Sanamu la Askari, lililozinduliwa mwaka 1927. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi, lakini sanamu yenyewe ni ya mwanajeshi mwenye bunduki. Mpagazi hakupata sanamu. Alichopata ni jina la mtaa, tena lililotamkwa vibaya.

Halafu angalia Kariakoo ya leo saa sita mchana. Kijana kavua shati, kabeba robota mgongoni, anapiga kelele watu wampishe. Akishusha anakwenda kula nini? Ugali maharage. Zaidi ya miaka mia imepita, kazi ile ile, chakula kile kile, eneo lile lile. Tofauti ni kwamba safari hii ugali umeiva, na umeivishwa na mtu anayejua mlaji wake anakwenda kubeba nini baada ya kunawa mikono.

Kwa wanaosema ugali wa sembe ni wa mababu tangu enzi na enzi: mahindi na maharage haya yote yalitoka Amerika. Babu wa mababu alisonga ugali wa mtama, uwele na ulezi.

3. Chapati, sambusa na urojo: vilivyovuka Mnazi Mmoja

Wakoloni waliigawa Dar kwa rangi. Wazungu walikaa upande wa baharini wenye upepo, Uzunguni. Wahindi walikaa katikati, Uhindini. Waafrika walipangiwa Kariakoo, baadaye na Ilala. Kati ya Uhindini na Kariakoo likaachwa eneo wazi la kutenganisha watu, na hilo ndilo Mnazi Mmoja. Unapokaa pale kwenye bustani kupiga picha za kuweka mtandaoni, umekaa juu ya mpaka wa ubaguzi.

Mpaka ulizuia watu kujenga nyumba upande wa pili. Harufu ya vitunguu haikuzuiwa. Waafrika waliajiriwa kwenye nyumba za Uhindini na Uzunguni kama wapishi, yaya na wafagizi, na jioni walirudi Kariakoo. Wafanyabiashara wa Kihindi nao walifungua maduka hapo hapo Kariakoo. Neno "duka" lenyewe ni la kwao. Ukitafuta daraja ambalo mapishi yalipitia, ndilo hilo: mpishi anayetembea kwa miguu jioni kurudi kwake, kichwani ana kipimo cha unga na mafuta.

Chapati, bajia, kachori, achari, kachumbari, biriani: majina yote haya yamefika Kiswahili kupitia Bahari ya Hindi, kutoka India na Uajemi. Sambusa ina ndugu zake India na Uarabuni. Lakini chapati ya Kariakoo sasa ina pasipoti ya Bongo. Ni nene, ina mafuta, imekunjwa mara kadhaa kabla ya kusukumwa, na inaliwa na supu ya kongoro asubuhi saa kumi na mbili. Mhindi wa Gujarat akiletewa chapati na kwato za ng'ombe atabaki kushangaa.

Urojo umekuja kwa boti kutoka Zanzibar. Kule wanauita urojo, huku Dar wengi wanauita Zanzibar mix. Ni supu nzito ya manjano yenye uchachu wa ndimu au embe, ndani yake bajia, kachori, viazi, mishkaki, chatne ya nazi na chenga za muhogo juu. Mtu wa kwanza kuviweka vyote kwenye bakuli moja anastahili tuzo. Bahati mbaya hakuna anayejua ni nani.

4. Kahawa chungu na kashata: redio ya mtaani

Kabla ya magrupu ya WhatsApp kulikuwa na kijiwe cha kahawa. Muuza kahawa anatembea na dele lenye mkaa chini, mkono wa pili ana vikombe vidogo anavigonganisha, "kling kling kling". Ukisikia unajua jioni imefika.

Enzi za ukoloni Washihiri, yaani Waarabu wa kutoka Hadhramaut huko Yemen, walikuwa na vibiashara vidogo vidogo katikati ya makazi ya Waafrika, na desturi ya kahawa chungu ya vikombe vidogo ni ya Kiarabu. Kashata ya nazi au ya karanga inapunguza ule uchungu. Cha kuchekesha ni kwamba kahawa inalimwa Kilimanjaro na Kagera, lakini sehemu kubwa inasafirishwa kwenda kunywewa Ulaya na kwingineko. Wapwani ndio walioinywa hapa hapa, kwa namna yao.

Kwenye vijiwe hivi ndipo siasa za Kariakoo zilipopikwa, na mpira pia. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na makao yao yote yapo umbali wa kutembea kwa miguu, Jangwani na Msimbazi. Hesabu mwenyewe ni vikombe vingapi vimemwagika kwa sababu ya goli la kuotea.

Muuza kahawa alisikia yote hayo. Hakuna aliyekaa akamuuliza alisikia nini.

5. Vitumbua na maandazi: kifungua kinywa cha uhuru

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na ofisi yake ilikuwa mtaa ambao leo ni Lumumba, mlangoni mwa Kariakoo. Mwaka uliofuata kikaanzishwa kitengo cha wanawake chini ya Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa mjini aliyekuwa anajulikana kwa kuongoza kikundi cha ngoma. Ndani ya takriban miezi mitatu wanawake wapatao 5,000 walikuwa wameshajiunga.

Walikuwa ni akina nani? Bibi Titi anajulikana, barabara ina jina lake. Wale wengine elfu kadhaa wengi wao hawakuwa na kazi ya ofisini wala elimu ya kikoloni. Walikuwa wanawake wa vikundi vya ngoma, wauza vitumbua na maandazi, wauza samaki wa kukaanga, wapika pombe. Wanajua kila nyumba, wanajua nani mgonjwa, nani kafiwa, nani hana kodi ya chumba. Ukitaka kupeleka ujumbe wa siri Kariakoo nzima bila askari wa mkoloni kujua, hakuna mtu bora kuliko anayepita kila kibaraza na sinia kichwani.

Na pesa yao ilikuwa ya kwao wenyewe. Mwanaume aliyeajiriwa serikalini angeweza kufukuzwa kazi akionekana na kadi ya TANU. Muuza vitumbua hana bosi. Huo ndio uhuru uliotangulia uhuru.

Vitumbua havina siri kubwa: mchele ulolowekwa na kusagwa, tui la nazi, sukari, hamira, iliki. Vinaiva kwenye chuma chenye vishimo, nje vimebabuka, ndani laini. Vile asubuhi mapema, vikipoa habari imeisha.

6. Wali maharage wa mama ntilie: chakula kilichozaliwa na njaa

Hapa ndipo kwenye kiini cha Kariakoo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 uchumi wa Tanzania uliyumba vibaya. Ukame, bei ya mafuta, kisha vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Sukari, sabuni, unga, vyote vya foleni. Yakaletwa mahindi ya njano ya msaada na ya kununua kutoka nje, na watu wa mjini wakaubatiza ugali wake "ugali wa Yanga" kwa sababu ya rangi. Mashabiki wa Simba walikula wakiwa wamenuna, lakini walikula.

Mshahara wa mfanyakazi ukawa unaisha siku chache tu baada ya kulipwa. Baba ana kazi, ana kitambulisho cha ofisi, ana hadhi, ila sufuria nyumbani ni tupu. Hapo ndipo wanawake walipobeba jiko la mkaa wakatoka nje. Wakaenda viwandani, bandarini, kwenye maeneo ya ujenzi, vituo vya basi, na Kariakoo. Wakapika.

Mteja mwenye njaa ananyoosha sahani: "Mama, nitilie." Jina likashika hapo. Mama ntilie. Kwa wengine lilikuwa jina la mapenzi, kwa wengine lilikuwa na dharau ndani yake, na ndiyo maana baadaye likasambaa jina la heshima zaidi, mama lishe. Siku hizi na baba lishe wapo.

Serikali ilifanya nini? Iliwakimbiza. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria iliyosukuma kampeni ya Nguvu Kazi. Kila mtu mzima alitakiwa kuwa na kazi inayotambulika, na asiyekuwa nayo alihesabiwa mzururaji wa kurudishwa kijijini au kupelekwa shambani. Wauza vyakula wasiokuwa na leseni walijikuta kwenye kundi la wazururaji. Mwanamke aliyeamka saa tisa usiku kuwasha mkaa, aliyelisha watu mia kabla ya jua kuzama, kwenye karatasi alikuwa hana kazi.

Haikuwa mpya. Mkoloni alikuwa na sheria zake za kuwaondoa mjini "watu wasiotakiwa". Baada ya uhuru bendera ilibadilika, ila sufuria ya mtu wa kawaida iliendelea kupigwa teke. Ni mpaka nusu ya pili ya miaka ya 1980, enzi za Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, biashara ndogo zilipoanza kuachiwa nafasi, kwa sababu kila mtu alishaona kwamba bila hizo mji haulali umeshiba.

Angalia biashara yenyewe inavyoendeshwa ndipo utaelewa. Mtaji unatoka kwenye upatu au kikoba. Mchele wa leo unalipwa na mauzo ya jana. Wabeba mizigo wanakula kwa daftari, wanalipa jioni wakipata. Asiyepata leo, anakula na kesho. Kwa mji ambao benki ilikuwa haimjui mtu wa namna hiyo, daftari la mama lishe ndilo lilikuwa benki.

Sahani yenyewe: wali, maharage ya nazi, kipande cha samaki au nyama, mchicha au matembele, kachumbari kidogo, pilipili pembeni na kipande cha ndimu. Maji ya kunawa yapo kwenye dumu. Omba "ukoko" kama unaupenda, utapendwa papo hapo.

7. Mtori, makande na mlenda: mikoa yote mtaa mmoja

Sensa ya 1957 iliikuta Dar ina watu kama 129,000. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Watu wote hao hawakudondoka angani. Walikuja kwa basi, kwa treni ya Reli ya Kati, kwa lori la mkaa, kila mmoja na chakula cha kwao moyoni.

Ndiyo maana Kariakoo na masoko yake ya jirani unaweza kuzunguka nchi nzima bila nauli. Mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, ni wa Wachaga, na kwao ndicho chakula cha mzazi aliyejifungua. Mjini umegeuka dawa ya waliokesha kwenye starehe. Ndizi za Bukoba zimekuja na Wahaya, na msimu ukifika na senene nao. Makande ya mahindi na maharage yana ladha ya Upareni na Usambaani. Mlenda wa Wagogo unateleza kutoka Dodoma. Dagaa wa Kigoma, mchele wa Kyela, ming'oko ya Mtwara na Lindi, vyote vinafika.

Nani anaipanga ramani hiyo? Dalali wa soko, dereva wa lori, mama wa kijijini aliyefunga kiroba, na mpishi wa mjini aliyekubali kujifunza chakula cha kabila lisilo lake ili mteja wake asijisikie mpweke. Ukimkuta Mzaramo anapika mtori mtamu, usishangae. Umoja wa kitaifa umehubiriwa sana majukwaani, ila mazoezi yake ya kila siku yalifanyika kwenye sufuria.

Na siku hizi walaji wamevuka mipaka. Wafanyabiashara kutoka Zambia, Kongo, Malawi na Komoro wanakuja Kariakoo kufunga mizigo, na wote hao wanakula hapo hapo. Ndio watalii wa kweli wa mtaa huu, ingawa hakuna bango linalowakaribisha.

8. Zege: msosi wa kizazi hiki

Chipsi mayai, kwa jina la mtaani zege, kwa sababu ni mchanganyiko unaomwagwa na kuganda kama zege la ujenzi. Viazi vilivyokaangwa, mayai juu, moto mkali, geuza, weka kachumbari na tomato. Usiku saa tano ukiwa huna pa kwenda, zege lipo.

Viazi hivi asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, na vinavyoliwa Dar vingi vinatoka nyanda za juu kusini, Njombe na Mbeya. Kukata viazi na kuvikaanga ni mtindo wa Ulaya. Lakini wazo la kuvimwagia mayai na kuwa kitu kimoja ni la mtu wa kibandani hapa hapa Bongo, na sasa linaliwa mpaka nje ya nchi, na watu wanalitafuta mtandaoni jinsi ya kulipika.

Kama wimbo ungekuwa maarufu kiasi hicho, watu wangegombania hakimiliki mahakamani. Mvumbuzi wa zege hajulikani, na pengine alizeeka akiwa bado anamenya viazi.

Wenzetu wamefanyaje?

Kariakoo kuna klabu ya zamani yenye jina la Saigon, jina lililochukuliwa na vijana wa mpira enzi vita ya Vietnam inavuma redioni. Sasa sikia kilichotokea Vietnam yenyewe. Mei 2016 Rais Barack Obama alikaa kwenye kigoda cha plastiki jijini Hanoi, na mpishi maarufu wa televisheni Anthony Bourdain, wakala bún chả, nyama ya kuchoma na tambi za mchele. Mgahawa wa kawaida kabisa wa watu wa mtaani. Baadaye meza waliyokalia ikawekewa kioo, na vyombo vyake juu, ikawa kivutio.

Lakini tusiwapambe sana. Mwaka uliofuata, Ho Chi Minh City, yaani Saigon hiyo hiyo, iliendesha kampeni kali ya kuwaondoa wauzaji kwenye njia za watembea kwa miguu. Meza ya rais imewekewa kioo, meza ya mama wa kawaida imebebwa na gari la jiji. Kumbe ni ugonjwa wa dunia.

Singapore nao waliwaondoa wapishi wa barabarani miaka ya nyuma. Ila waliwajengea vituo vyenye maji, mifereji na vibanda, karibu na makazi ya watu. Desemba 2020 UNESCO ikaingiza utamaduni huo wa vyakula kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Waliokuwa wanaitwa uchafu wa mji wakawa urithi wa binadamu.

Huku Dar mwaka 2018 vilitolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na watu wakapumua. Oktoba 2021 likaja agizo la kuwapanga upya wamachinga, na mama lishe wengi waliokuwa kandokando ya barabara wakahama nao. Miezi michache kabla, usiku wa tarehe 10 Julai, soko kuu la Kariakoo lilikuwa limeungua moto. Ndani ya mwaka mmoja mtu alipoteza soko, kona na wateja.

Kupanga mji siyo dhambi. Njia ya waenda kwa miguu ni haki ya kila mtu, na hakuna anayetaka kula pembeni ya mtaro unaonuka. Tatizo ni pale mpishi anapopelekwa mahali ambapo mlaji hafiki. Mbeba mizigo ana dakika ishirini za kula. Hawezi kupanda daladala kufuata wali. Ukimhamisha mama lishe kilomita tatu, umemfungia biashara, na kijana wa mizigo umemwachia soda na biskuti.

Sasa kuna jingine, la mkaa. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Mama lishe wamegawiwa mitungi na majiko ya gesi sehemu mbalimbali. Ni jambo jema, macho na mapafu yao yameumia miaka mingi na moshi. Swali linakuja mtungi ukiisha: mkaa unanunuliwa kwa kopo, gesi inajazwa kwa mkupuo. Kwa mtu ambaye mchele wa leo unalipwa na mauzo ya jana, hilo siyo swali dogo.

Ratiba ya kula, kwa mgeni na mwenyeji

Alfajiri: supu ya kongoro na chapati, au vitumbua na chai ya rangi. Saa nne: muhogo wa kukaanga na kachumbari, dafu pembeni. Mchana: wali wa nazi na samaki, au ugali maharage kama una kazi ngumu mbele. Saa kumi: urojo. Magharibi: kahawa na kashata kijiweni, sikiliza zaidi ya unavyoongea. Usiku: mishkaki, na zege la kufungia siku.

Kaa penye foleni ya wabeba mizigo, hao hawakosei. Nawa mikono vizuri. Usipige picha ya mtu bila kumuomba, yuko kazini. Usipunguziwe bei ya wali ambayo ni ndogo kuliko kifurushi chako cha intaneti. Na ukimaliza kula, muulize jina lake. Mtaa mzima unamwita "mama" tu, lakini jina analo, na mara nyingi atacheka kwanza kabla ya kulitaja kwa sababu haulizwi.

Wadau, haya: kati ya hivi vinane, kipi ndiyo maisha yako? Na ni nani aliyekupikia sahani ambayo hujaisahau mpaka leo? Mtaje hapo chini, jina na kona aliyokuwa anapikia.